Maiki ya Chini

Jumatatu, Machi 4

Mpwa wangu amenipa daftari hili na kalamu mbili. Anataka niandike kila maiki ilisimama wapi, ilikuwa mbali kiasi gani na iliangalia upande gani, ili tukizihamisha leo, kesho tuzirudishe palepale. Nimemwambia, "Mama, mimi shule niliishia darasa la sita." Akasema, "Darasa la sita linatosha kuandika vidole vitatu kutoka kwenye ngozi, Mjomba." Nimelipokea. Lakini daftari lina kurasa mia mbili na maiki zenyewe ni tisa. Kurasa zinazobaki ni zangu, na humu nitaandika jinsi ninavyomtia adabu shemeji yangu.

Shemeji ndiye baba yake mpwa. Alimwoa mdogo wangu wa kike miaka arubaini iliyopita. Ni mpiga gitaa wa roki, mwimbaji, na mtu anayejipenda mpaka kioo kinachoka. Mimi namwita shemeji, yeye ananiita shemeji. Asiyetujua atadhani tunapendana. Zamani tulikuwa na bendi, yeye mbele na gitaa, mimi nyuma na nyaya. Tulitoa santuri moja yenye nyimbo tano, na mpaka leo watu wazima wenye vitambi wanazijua. Mikanda yake imeota ukungu. Kwa hiyo Shemeji ameamua zirekodiwe upya zote tano, kwenye studio ya binti yake, kabla vidole havijamgomea kabisa.

Studio zamani ilikuwa ghala la magodoro. Magodoro bado yapo, yamesimamishwa ukutani yanyonye mwangwi, ila paa ni bati tupu na msimu wa mvua ndio umeingia. Mvua ikigonga bati, maiki za ngoma zinaisikia yote. Gitaa halijali, spika lake linapiga kelele kuliko mvua. Basi tumekubaliana: mvua ikinyesha ni gitaa, kukiwa kavu ni ngoma. Ratiba anapanga Mungu.

Jumanne, Machi 5. Kavu.

Mpiga ngoma wa kukodi amefika. Wanamwita Nyundo. Ana miaka thelathini na kitu, mikono kama miguu ya meza, na adabu nyingi: ametoa shikamoo kwa kila mtu, nusura aliamkie na godoro. Mpiga besi ni yuleyule wa zamani, tunayemwita Kimya. Alisema "habari" mwaka ule tulipoanza bendi, na nadhani ilimtosha.

Vipimo. Ngoma ya mguu: maiki moja ndani, shubiri moja kutoka pale kirungu kinapogonga, imeinama kidogo. Snea, ile ngoma ndogo yenye nyuzi za chuma tumboni: maiki moja juu, vidole vitatu kutoka kwenye ngozi, na moja chini, inachungulia nyuzi. Ngoma mbili za pembeni, moja moja. Mbili juu ya matoazi, nimezipima kwa kamba kutoka kwenye snea mpaka zikawa sawa. Moja iko mlangoni, inasikiliza chumba. Ya tisa ni ya gitaa.

Hizi mbili za snea zina ujanja wake. Ukiipiga ngozi, inaikimbia maiki ya juu na kuifuata maiki ya chini. Moja inavuta, nyingine inasukuma, zikikutana kwenye waya zinauana. Ndiyo maana kwenye meza ya sauti kuna kitufe chenye kiduara kilichokatwa na mstari. Unakibonyeza kwa maiki ya chini, inageuka, zote zinasukuma pamoja, na snea inapiga kama mlango uliofungwa na mwanamke aliyekasirika. Usipokibonyeza, unapata kopo tupu la rangi. Mpwa hajui haya. Yeye amezoea ngoma za kompyuta, ambazo hazina juu wala chini. Kompyuta anashika yeye, meza ya sauti nashika mimi.

Jumatano, Machi 6. Mvua tangu alfajiri.

Gitaa. Maiki kidole kimoja kutoka kwenye kitambaa cha spika, pembeni kidogo ya kitovu. Kwenye kitovu kabisa sauti inachoma, ukienda ukingoni inakuwa na mafua.

"Shemeji, ongeza mkwaruzo," anasema.

"Tukiongeza, Shemeji, tutarekodi nyuki."

"Mwenye gitaa ni mimi."

"Na mwenye masikio ni mimi."

Akazungusha kile kitufe cha mkwaruzo mpaka kikagota. Gitaa la roki halihitaji mkwaruzo mwingi kama watu wanavyodhani. Kwenye maiki mkwaruzo mwingi unageuka unga. Lakini Shemeji ana sababu. Mkwaruzo unaficha vidole vinavyokosea, kama koti refu linavyoficha suruali iliyotoboka. Nimemwacha na koti lake.

Ijumaa, Machi 8. Mvua. Gitaa. Nyuki.

Jumamosi, Machi 9

Leo hakuna kazi, nina nafasi ya kueleza chuki yangu vizuri.

Kwenye ile santuri, ngoma alipiga mdogo wangu. Nyimbo zote tano. Alikuwa na miaka ishirini na miwili na mkono wa kushoto ambao Mungu aliutengeneza siku aliyokuwa na furaha. Alianza mdundo pale ambapo wengine humalizia, kwa hiyo wimbo ulikuwa kama unajikwaa halafu hauanguki. Watu walipenda hicho kujikwaa. Wengi mpaka leo wanadhani ni gitaa.

Santuri ilipokaribia kutoka, Shemeji alikuwa ameshapeleka barua ya posa nyumbani. Akasema haipendezi mke wake mtarajiwa aonekane amekaa kwa kutanua miguu mbele ya watu. Picha ya jalada wakampiga binamu yake, Mungu amrehemu, ambaye alishika vijiti kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe ashike. Jina likaandikwa la binamu. Jalada hilo limetundikwa sebuleni kwao, na mpwa amekua akiliangalia. Hajui. Mdogo wangu hakusema, Kimya hakusema, na Shemeji amekula sifa miaka arubaini bila kupaliwa.

Mimi nataka kitu kimoja tu: kabla ya hizi nyimbo kutoka tena, Shemeji aseme kwa mdomo wake nani alipiga ngoma. Sitamwomba. Nitambana mpaka limtoke.

Jumatatu, Machi 11. Kavu, jua kali.

Balaa. Nyundo anajua kazi.

Nilidhani atapiga kama hawa wa siku hizi, nguvu bila akili. Kumbe amesikiliza ile santuri mwezi mzima. Asubuhi amejikwaa mara nne akaanguka, mara ya tano akajikwaa asianguke. Shemeji akajipiga kofi pajani. "Huyu ndiye," akasema. "Huyu kaja kumpumzisha marehemu binamu yangu." Nyundo akainamisha kichwa kwa heshima ya marehemu.

Nikaona mambo yanavyokwenda. Nyimbo tano zitakamilika kwa wiki mbili, jina la Nyundo litakaa pale lilipokuwa la binamu, na jina la mdogo wangu litazikwa mara ya pili. Wakati wanakunywa maji, mkono wangu ulitembea wenyewe mezani. Kile kitufe cha kiduara kilichokatwa na mstari, nimekiachia.

Jumatano, Machi 13. Mvua.

Jumanne, Machi 19. Kavu mpaka saa nane.

Wamesikiliza ngoma za Nyundo leo. Nilikaa nyuma, nimefumba macho kama mzee anayesinzia.

"Mbona snea nyembamba hivi?" mpwa akauliza.

"Labda ngozi imechoka," nikasema.

Nyundo akabadilisha ngozi, ile mpya aliyokuwa akiitunza kwenye begi. Akapiga tena. Kopo la rangi. Akakaza nyuzi, akalegeza nyuzi, akaweka kitambaa, akatoa kitambaa. Kopo la rangi limefunikwa kitambaa. Shemeji akasimama mbele yake mikono kiunoni. "Kijana, piga kwa moyo."

"Napiga kwa moyo, Mzee."

"Basi moyo wenyewe mdogo."

Nilicheka kimoyomoyo mpaka mbavu zikauma. Sikucheka kwa ajili ya Nyundo. Nilicheka kwa kumwona Shemeji anatafuta kitu ambacho kiko chini ya pua yake. Vipimo havijabadilika.

Ijumaa, Machi 22. Mvua. Gitaa. Shemeji amekosea palepale mara sita, akalaumu unyevu.

Jumanne, Machi 26. Kavu.

Nimeongeza chumvi. Maiki moja ya juu ya matoazi nimeisogeza nusu mkono, ile kamba ya kupimia nimeitia mfukoni. Sasa ngoma nzima inasikika kama inapigwa kwenye nyumba ya jirani ambaye hayupo.

Nyundo amepiga wimbo wa tatu mara kumi na mbili. Mara ya kumi na mbili nilitazama mikono yake na kusahau kumtazama Shemeji. Ilikuwa sahihi, kila pigo. Mpwa akamrudishia kwenye spika asikie mwenyewe. Nyundo akasikiliza mpaka mwisho, akaweka vijiti juu ya snea taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akasema, "Samahanini. Nadhani mkono wangu umeharibika."

Shemeji hakumbembeleza. Alisema asante, tutakuita. Wote tunajua hilo lina maana gani.

Amenipa mkono wakati wa kuondoka. "Asante, Mzee, umenivumilia." Nikasema, "Nenda salama, mwanangu." Nikaenda kukunja nyaya ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

Jumatano, Machi 27. Mvua. Sina la kuandika.

Jumatatu, Aprili 1. Mvua.

Shemeji anataka ngoma za kompyuta. Mpwa amekataa.

"Baba, kompyuta inapiga sawasawa. Hizi nyimbo hazikupigwa sawasawa. Kuna pahali panajikwaa, na mimi siwezi kuiambia mashine ijikwae vizuri."

Nikaona mlango umefunguka, nikaingia. Nikasema, "Yupo mtu mmoja anayeuweza mdundo huo. Yeye ndiye mwenyewe."

Kimya akainua kichwa. Mpwa akageuka na kiti chake. Shemeji alikuwa anafuta gitaa, akaendelea kufuta palepale.

"Aliyeupiga alishakufa, Shemeji," akasema. "Tusisumbue marehemu."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja saa. Mke wake yuko nyumbani anashona sare za shule, mzima wa afya, na yeye amemzika mbele ya binti yao bila hata kupepesa macho. Nimemjibu, "Pole kwa msiba, Shemeji." Akasema, "Tumeshapoa."

Kuanzia leo huruma niliyokuwa nayo kwa mtu huyu, kama ilikuwepo, imekwisha.

Jumatano, Aprili 3. Manyunyu.

Nimekwenda kwa mdogo wangu. Amekaa barazani na cherehani yake, vitambaa vya bluu mpaka magotini. Mkasi anashika kwa kushoto bado. Hakusimamisha mguu.

"Kaka, umekuja kunisalimia au umekuja kunichokonoa?"

"Kukusalimia. Kuchokonoa baadaye."

"Basi anza na baadaye, nina sketi thelathini."

Nikamweleza. Kwamba mpiga ngoma ameondoka, kwamba mumewe amekwama, kwamba huu ndio wakati. Njoo ukae kwenye ngoma, nikasema, halafu tuone atamtaja nani. Sikumweleza kwa nini mpiga ngoma ameondoka.

Akashona mshono mzima mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Huyo kijana alikuwa hajui?"

"Alikuwa... sauti ilikuwa haikai."

"Haikai vipi?"

"Nyembamba."

Akaniangalia juu ya miwani. Mdogo wangu akikuangalia juu ya miwani unajikuta unahesabu dhambi zako. Kisha akasema, "Mimi niliacha. Mwambie shemeji yako apige makopo." Akavuta sketi nyingine.

Nimerudi nimelowa. Nimepanga kumwambia mpwa mwenyewe, wiki ijayo, na Shemeji apasuke.

Ijumaa, Aprili 5. Mvua.

Jumatatu, Aprili 8. Kavu.

Sikuwahi kumwambia mpwa. Nimewahiwa.

Saa nne asubuhi mlango ukafunguliwa, mdogo wangu huyo, viatu mkononi kwa sababu ya matope, futi ya kushonea bado shingoni. Shemeji akasimama haraka. "Mama watoto, kuna nini nyumbani?"

"Nyumbani salama. Nimekuja kusikiliza." Akakaa kwenye kiti changu. "Mwanangu, niwekee huyo kijana aliyeondoka."

Mpwa akaweka wimbo wa tatu. Mdogo wangu akasikiliza kidogo tu, akainua mkono.

"Niachie snea peke yake." Kopo la rangi likajaa chumba. "Hapo zinasikika maiki ngapi?"

"Mbili, Mama. Ya juu na ya chini."

"Zima ya chini."

Mpwa akazima. Snea ikanenepa palepale, kana kwamba mtu amepuliza puto. Mpwa akawasha: kopo. Akazima: snea. Akarudia mara tatu, mdomo wazi. Nilitazama meza ya sauti kama vile nayo naiona mara ya kwanza.

"Kijana huyu hana kosa," mdogo wangu akasema. "Anajua kuliko nilivyokuwa najua mimi. Maiki zake ndizo zinagombana. Kuna mtu ameziacha zigombane."

"Mama," mpwa akasema, "umejuaje? Na kuliko ulivyokuwa unajua wewe, kwani ulikuwa unajua nini?"

Alinigeukia mimi. "Kaka. Miaka yote kitufe hicho unakibonyeza kabla hujavua koti. Safari hii umekisahau?"

Nilijaribu kutabasamu. Kwa kawaida tabasamu langu linanivusha, lina meno machache lakini linafanya kazi. Halikufanya kazi. Nikasema ndiyo, nilikiacha. Nikasema nilifanya kwa ajili yake. Nikanyoosha kidole kwa Shemeji na kumwaga yote mbele ya mpwa: nani alipiga ngoma kwenye santuri, nani alishika vijiti kwenye picha, nani juzi alisema aliyepiga ameshakufa. Nilikuwa nimeisubiri hotuba hiyo miaka arubaini, na nikaitoa kwa mate mengi.

Mpwa akamtazama baba yake. Shemeji akakaa chini. "Zamani mambo yalikuwa hivyo," akaliambia gitaa lake.

Nilidhani hapo ndipo nitakapofurahi. Lakini mdogo wangu alikuwa bado ananiangalia mimi.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mbona hukumwambia mpwa wako nani aliandika karatasi ya majina iliyokwenda kwa mpiga chapa?"

Hili sikuliandika humu. Niliandika "jina likaandikwa," kama vile lilijiandika. Niliandika mimi. Bendi nzima mwenye mwandiko mzuri nilikuwa mimi, darasa la sita hivyohivyo. Shemeji alinitajia majina, nami nikaandika la binamu yake, tena nikalipigia mstari chini kwa rula.

"Yeye alikuwa ananioa," mdogo wangu akasema. "Ana kisingizio chake kibovu. Wewe ulikuwa na kisingizio gani, Kaka?"

Niliogopa kuachwa nje ya bendi, basi. Kimya akakohoa, na kikohozi kile nakiandika kama ungamo lake.

Mdogo wangu akasimama, akavaa viatu. "Nitapiga. Nyimbo mbili, zile zenye kujikwaa. Tatu zilizobaki atapiga huyo kijana, na wewe ndiye utakayekwenda kumleta. Utamwambia ulichomfanyia, kwa mdomo wako, siyo kwa utani. Asipokuja, na mimi siji."

Shemeji akacheka kidogo, kwa kuniona nimeadhibiwa.

"Na wewe usicheke," akamwambia. "Zamu yako bado."

Jumanne, Aprili 9. Mvua kubwa.

Nyundo ni fundi wa kuchomelea. Nimemkuta kibandani kwake anachomelea geti, cheche zinaruka. Nimesimama mlangoni, maji yananitiririka kwenye kola, nikasema yote. Kitufe. Kamba mfukoni. Mara zile kumi na mbili zote ambazo alikuwa sahihi.

Alisikiliza barakoa ikiwa juu ya kichwa. Nilipomaliza akaishusha, akaendelea kuchomelea. Hakunikaribisha kiti. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka geti likaisha, na geti lenyewe lilikuwa la mabawa mawili.

"Mzee," akasema mwishowe, "mimi vijiti nimempa mtoto wa jirani. Nilimwambia mke wangu kwamba mkono umekufa. Amenikanda na maji moto siku kumi."

"Mkono wako ni mzima."

"Sasa ninajua. Nimekasirika hata sijui nikukasirikie wapi." Akachukua brashi, akasugua mshono wa chuma. "Huyo mama ndiye aliyepiga kwenye santuri? Kweli?"

"Kweli."

"Nitakuja. Siyo kwa ajili yako. Nataka kumwona mkono."

Nikamwambia nitambebea begi. Akasema begi lake nisiliguse.

Ijumaa, Aprili 12. Mvua.

Mdogo wangu amefanya mazoezi na Nyundo kati ya magodoro, bila maiki. Nyundo amemgeuzia ngoma zote zikae kwa mtu wa kushoto. Nilisogea kusaidia, wote wawili wakanitazama, nikarudi kwenye kiti.

Jumatatu, Aprili 15. Kavu.

Nyundo amepiga tatu zake. Snea kama mlango wa mwanamke aliyekasirika. Kabla ya kila wimbo alikuja mwenyewe mezani kukagua kitufe. Ana haki.

Jumanne, Aprili 16. Kavu asubuhi, wingu zito.

Vipimo kama Machi 5, ila upande wa kushoto. Zote zinasukuma pamoja.

Mdogo wangu alikaa, akapandisha sketi kidogo, akatanua miguu pande mbili za snea, mbele ya mumewe, binti yake, Kimya, Nyundo na mimi. Hakuna aliyefariki.

Kabla ya kurekodi, mtu husema kwenye maiki wimbo gani, mara ya ngapi, nani anapiga nini, ili baadaye anayesikiliza asipotee. Kazi hiyo ni yangu. Nilisafisha koo.

"Wewe hapana," mdogo wangu akasema. "Atangaze yeye."

Shemeji akaisogelea maiki, gitaa begani. "Wimbo wa kwanza, mara ya kwanza. Besi, Kimya. Gitaa, mimi. Ngoma, mama watoto."

Mdogo wangu akaweka vijiti mapajani. "Watoto hawapigi ngoma. Tena."

"Wimbo wa kwanza, mara ya kwanza. Besi, Kimya. Gitaa, mimi. Ngoma, mke wangu."

"Tena."

Akajaribu "dada wa fundi wetu wa sauti." Akajaribu mpenzi, na mpwa akaficha uso kwenye mikono. Akajaribu "yule yule wa zamani." Kila mara ni neno lilelile moja, kwa upole, kama mwalimu asiye na haraka: tena. Jasho jembamba lilimtoka Shemeji kwenye paji la uso. Nje wingu lilikuwa limeshafika juu ya barabara.

"Baba," mpwa akasema, "mvua ikianza tumepoteza siku."

"Ananijua jina," mdogo wangu akasema. "Aliliandika kwenye barua ya posa."

Nikiwa mkweli, na leo sina sababu ya kutokuwa, sijawahi kuonja kitu kitamu kama kumwangalia shemeji yangu amesimama pale, mtu wa maneno mengi, hana hata moja. Nilisikia hata mvumo mdogo wa spika la gitaa lake. Kisha akasema. Alianza na jina la mdogo wangu, akaongeza na la baba yetu. Sauti ilikwaruza, na mkwaruzo huo hakuuongeza mtu. Mpwa alikuwa anarekodi toka mwanzo. Jina lenyewe siliandiki humu. Karatasi ya mpiga chapa ataiandika mpwa, ameniambia, "Mjomba, wewe na karatasi msikaribiane."

Mdogo wangu hakumshukuru. Aligonganisha vijiti mara nne, na kushoto kwake kukaingia pale ambapo wengine humalizia, chumba kizima kikajikwaa, kikasimama. Shemeji alikuwa bado anajifuta macho. Gitaa lilichelewa kuingia. Tumeliacha hivyohivyo.